Lenzi ya 50 ukumbini: mwanga unaoununua na bei unayoilipa

Msimu wa harusi ukianza hapa Dodoma, kuna swali linarudi kila mara kwa wanafunzi wanaojipatia kipato kwa kamera: "Nina hela ya lenzi moja tu. Ninunue ipi?" Majibu yenyewe ni ya kurithishana. Huyu anasema chukua fifti. Yule anasema 85 ndiyo lenzi ya sura. Wa tatu anakwambia f/1.8 ndiyo kila kitu, maana inafuta nyuma yote.

Hakuna aliyekosea sana hapo. Shida ni kwamba ushauri usio na sababu hauwezi kukusaidia hali ikibadilika. Na harusi hubadilika kila nusu saa: chumba kidogo cha kumpambia bibi harusi, kanisani au msikitini, jua kali nje, halafu ukumbi wenye taa za zambarau. Harusi pia haina marudio. Ukikosea picha ya maabara, kesho utarudi kupima tena. Ukikosea picha ya bibi mzaa mama aliyesafirishwa kutoka Kondoa kuja kumbariki mjukuu wake, huenda asisafiri tena.

Kwa hiyo leo tutumie fizikia ya shule, ile ya mwanga na lenzi, kuona lenzi praimu inakupa nini na inakudai nini. Hesabu zipo, lakini ni kuzidisha na kugawanya tu.

Praimu ni lenzi gani?

Lenzi praimu ni lenzi isiyozumu. Ina urefu wa fokasi mmoja tu: 35 mm, 50 mm, 85 mm na kadhalika. Urefu wa fokasi ni umbali kati ya lenzi na mahali ambapo miale iliyotoka mbali inakutana na kutengeneza picha. Namba ikiwa ndogo, unaona eneo pana. Namba ikiwa kubwa, unaona eneo jembamba na vitu vinasogea karibu.

Mbona mtu anunue lenzi isiyozumu wakati kamera imekuja na 18–55 inayofanya kazi tatu? Jibu lipo kwenye vioo vya ndani. Lenzi inayozumu lazima ijirekebishe kwa kila urefu wa fokasi, na kila marekebisho yanadai kioo kingine. Canon 18–55 ya aina ya IS STM ina vipande 13 vya kioo. Canon 50 mm f/1.8 STM ina 6. Mpangilio wa hiyo 50 ni mjukuu wa lenzi iitwayo Planar, aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Carl Zeiss kule Ujerumani mwaka 1896. Yaani ni wazo lenye zaidi ya miaka 100, linajulikana vizuri na ni rahisi kutengeneza. Ndiyo maana lenzi hii ni nyepesi, ya bei nafuu, na bado inaweza kuwa na tundu kubwa.

Tundu na namba ya f

Namba ya f huwachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukijua ilikotoka, hutachanganyikiwa tena. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Basi.

Chukua 50 mm kwa f/1.8. Gawanya 50 kwa 1.8: kipenyo cha tundu ni kama mm 28. Sasa chukua lenzi iliyokuja na kamera. Ukiizumu mpaka karibu na 50, kwa kawaida tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Gawanya 50 kwa 5.6: kipenyo ni kama mm 9.

Mwanga unaoingia unategemea eneo la tundu, na eneo hufuata kipeo cha pili cha kipenyo. Kwa hiyo tofauti si 28 kwa 9. Ni (5.6 ÷ 1.8) × (5.6 ÷ 1.8), ambayo ni karibu 9.7. Lenzi ndogo ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile uliyonayo.

Hebu ipeleke hesabu hiyo ukumbini. MC ametangaza, maharusi wanaingia wakicheza, wapambe wako mbele. Tuseme kwa f/5.6 kamera inakwambia utumie kasi ya shata ya sekunde 1/20. Kwa 1/20 mtu anayecheza atatoka kama mzuka: mikono imeyeyuka, uso umetikisika. Ukiwa na f/1.8, mwanga uleule unakuruhusu karibu 1/200, na hapo mguu unaganda hewani. Ukibaki na f/5.6 na kulazimisha 1/200, itabidi upandishe ISO mara 10, na picha itajaa chenga.

Tatizo hili ni la kale kama upigaji picha wenyewe. Louis Daguerre alipotangaza njia yake mwaka 1839, mtu alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Mwaka 1840 mwanahisabati Joseph Petzval, aliyekuwa Vienna, alikokotoa lenzi ya takriban f/3.6 kwa ajili ya picha za watu, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Muda wa kukaa ukapungua sana. Lenzi ya picha za sura ilizaliwa kwa ajili ya kuongeza mwanga. Huo ukungu mzuri wa nyuma ulikuja kama ziada.

Jambo moja la taa za ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi, hasa LED za bei rahisi, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona: ukitumia kasi kubwa, picha inatoka na mistari ya giza au rangi tofauti kila ukibonyeza. Ukiona hivyo, jaribu 1/100 au 1/50, kasi zinazolingana na mapigo ya taa. Kwa hotuba na kukata keki 1/100 inatosha. Kwa kucheza utahitaji flashi.

Sasa bei yenyewe: kina cha fokasi

Hakuna cha bure kwenye optiki. Ukifungua tundu, unapata mwanga lakini unapoteza kina cha fokasi, yaani unene wa ile sehemu, mbele na nyuma, inayotoka kali kwenye picha.

Kuna kanuni ya kukadiria: zidisha 2 × namba ya f × ukubwa wa ukungu unaovumilika × umbali × umbali, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi mara mbili (yaani kwa kipeo chake cha pili). Ukungu unaovumilika kwa kamera nyingi za kuanzia, zenye sensa ndogo, ni kama mm 0.019. (Sensa hapa ni kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, si ile ya kuhesabu watu.) Nimekukokotolea, kwa mtu aliye mita 2 mbele yako:

- 50 mm kwa f/1.8: kina ni kama sm 11
- 50 mm kwa f/4: kama sm 24
- 85 mm kwa f/1.8: kama sm 4

Soma tena mstari wa mwisho. Sentimita 4! Toka ncha ya pua hadi sikio la mtu mzima ni zaidi ya sm 10. Kwa 85 mm kwa f/1.8, ukilenga pua, macho yanaweza kutoka na ukungu. Ndiyo maana tunasema lenga jicho, na kama mtu amegeuka, lenga jicho lililo karibu na kamera.

Turudi kwa bibi kutoka Kondoa. Amesimama nyuma kidogo ya mjukuu, mkono begani, labda sm 25 nyuma ya uso wa bibi harusi. Una 50 mm, umesimama mita 2, umeacha f/1.8 kwa sababu nyuma panapendeza. Kina chako ni sm 11. Bibi harusi anatoka safi kabisa, na bibi anatoka na ukungu. Kwenye kioo kidogo cha kamera hutaona. Utaona siku ya kusafisha picha, bibi ameshapanda basi.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kubonyeza, hesabu sura, si mandhari. Sura moja, f/1.8 hadi f/2.2. Sura mbili, f/2.8 hadi f/4, na waombe wasogee mpaka vichwa viwe kwenye mstari mmoja kutoka kwako. Safu mbili za ndugu, f/5.6, rudi nyuma, na kama ni usiku washa flashi. Kurudi nyuma kunasaidia sana kwa sababu kina hukua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukisimama mita 4 badala ya 2, zile sm 11 zinakuwa kama sm 44.

Sura inapindishwa na miguu yako

Umewahi kusikia kwamba 35 inakuza pua na 85 inapendezesha uso? Kumbe lenzi inasingiziwa. Kinachopindisha uso ni umbali uliosimama.

Fanya hesabu. Tuseme sikio liko sm 12 nyuma ya pua. Ukisimama sm 50 kutoka puani, sikio liko sm 62. Gawanya 62 kwa 50: pua inaonekana kubwa kwa asilimia 24 ikilinganishwa na sikio. Ukisimama mita 2, ni 212 kwa 200, sawa na asilimia 6 tu. Lenzi haijatajwa popote kwenye hesabu hiyo.

Sasa kwa nini 35 ina sifa mbaya? Kwa sababu ukitaka uso ujaze fremu kwa 35, unalazimika kumsogelea mtu. 85 inakulazimisha kurudi nyuma, na ile kurudi nyuma ndiyo inayopendezesha. Kwa hiyo kwa picha ya sura simama mita 1.5 hadi 2 hivi, kisha chagua lenzi itakayojaza fremu ukiwa hapo. Kwa kamera yenye sensa ndogo, ukiwa mita 2, 50 mm inakupa toka kichwani hadi karibu na kiuno. Inatosha kabisa. Huhitaji 85 ili kumpiga mtu picha nzuri ya sura.

Na usisahau kuta. Ukitaka mtu mzima toka shela hadi viatu, kwa sensa hiyohiyo, unahitaji kusimama kama mita 4.7 ukiwa na 50 mm, kama mita 8 ukiwa na 85, na mita 3.3 ukiwa na 35. Fikiria chumba cha kupambia: kitanda, kioo, masanduku, mashangazi wanne na wewe. Mita 4.7 utazipata wapi?

Jua la uwanda wa kati

Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hilo linabadilisha mambo matatu.

Kwanza, kivuli. Jua hupita utosini kwetu mara 2 kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Hata Juni, mchana kati jua liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. London mwezi Desemba linaishia nyuzi 15. Jua la juu hivyo linatupa kivuli cha paji la uso machoni, na macho yanakuwa mashimo meusi. Hakuna lenzi inayoliondoa hilo. Tafuta kivuli kizima, kama baraza au upande wa ukuta. Mwarobaini wenye matawi yaliyoachana utakupa madoadoa ya mwanga usoni, na kila doa la mviringo ni picha ndogo ya jua iliyopita kwenye tundu kati ya majani.

Pili, mwanga kuzidi. Kuna kanuni ya zamani: kwenye jua wazi, f/16 na kasi ya 1/ISO. Kwa ISO 100 ni f/16 kwa 1/100. Ukifungua hadi f/1.8, mwanga unaongezeka karibu mara 79, kwa hiyo utahitaji karibu 1/8000. Kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Maana yake shela litaungua, liwe jeupe tupu bila nyuzi wala maua. Kwenye jua la saa 9 mchana, f/2.8 kwa 1/3200 ndipo mahali pa kuanzia.

Tatu, jioni yetu ni fupi. Hapa jua hushuka karibu wima, nyuzi 14 hadi 15 kwa saa. Toka nyuzi 10 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 40. London mwezi Juni safari hiyohiyo inachukua zaidi ya saa nzima. Ile inayoitwa saa ya dhahabu, kwetu haifiki saa. Dodoma jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, kutegemea mwezi. Ikiwa maharusi watapigwa picha kwenye vilima vya UDOM au karibu na mlima wa Simba, iambie kamati mapema: saa 12 kasoro robo tuwe tumeshafika, si ndiyo tunatoka saluni.

Kitu kingine hutokea hapo bila kujali latitudo. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu mbele yake kina kijivu cha kati. Shela jeupe likijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi mweusi unatoka mweusi zaidi kuliko alivyo. Si kosa la ngozi yake wala la mpambaji. Pima mwanga usoni kwake, si kwenye gauni, kisha hakikisha gauni halijaungua. Piga kwa RAW ili ubaki na nafasi ya kurekebisha.

Basi ipi kwanza?

Kabla ya kuuliza mtu, iulize kamera yako. Fungua picha zako bora 100 ulizopiga na 18–55, angalia taarifa za faili, na uandike urefu wa fokasi wa kila moja. Zikilundikana karibu na 50, umeshajibiwa. Zikilundikana kati ya 24 na 35, basi fifti itakutesa.

Kama huna picha za kutosha, huu ndio ushauri wangu kwa mwenye sensa ndogo. Kazi yako ikiwa zaidi ni picha za sura, mahafali na maharusi nje: 50 mm f/1.8. Ikiwa zaidi ni kicheni pati, sendofu na shughuli za vyumbani: 35 mm. 85 iwe ya tatu, ukishakuwa na kamera ya pili au sensa kubwa. Na usiuze 18–55. Saa 8 mchana nje, na ndugu 40 wamepangwa mbele yako, huna shida ya mwanga, na hiyo lenzi kwa f/8 inafanya kazi vizuri tu.

Ukinunua iliyotumika, mambo matatu. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma na utazame kwa mbele: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kuvu hupenda unyevu, kwa hiyo kagua zaidi lenzi iliyoishi pwani. Kwa Nikon za kuanzia, kama D3500 au D5600, hakikisha lenzi ni AF-S au AF-P. 50 mm f/1.8D ya zamani ni nzuri, lakini kwenye kamera hizo haitajifokasi yenyewe, kwa sababu mota inayohitaji haimo kwenye kamera. Mwisho, piga picha ya gazeti kwa f/1.8, ukuze, uone herufi ulizolenga ndizo zilizotoka kali, au zimetoka za mstari wa mbele au wa nyuma yake.

Na kwa kuwa praimu zinakulazimisha kubadili lenzi, lipange hilo. Miezi ya kiangazi hapa ni upepo na vumbi jekundu. Badilisha ndani ya gari au chumbani, zima kamera kwanza, ielekeze mdomo chini, na uwe na lenzi nyingine tayari mkononi.

Kabla ya harusi yako ijayo, fanya jaribio la dakika 10. Panga chupa tatu za maji mezani, kila moja sm 20 nyuma ya mwenzake. Simama mita 2, lenga ya kwanza, piga f/1.8, f/2.8, f/4 na f/5.6. Fungua kwenye kompyuta, ukuze, na uandike ni kwa namba gani chupa ya pili, kisha ya tatu, zinasomeka lebo. Namba hizo zibandike kwenye mkoba wa kamera. Ukumbini, familia ikishapanga mstari na MC anakuharakisha, hutakuwa na muda wa hesabu, lakini utajua f ngapi inamtosha bibi harusi peke yake na f ngapi inamtosha na bibi yake.